John Boyd Dunlop: daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye gurudumu

Kabla mwendesha bodaboda hajaondoka kijiweni asubuhi, hulibonyeza tairi la nyuma kuona kama lina upepo wa kutosha. Mwenye baiskeli hufanya vivyo hivyo kabla ya kufunga gunia la mkaa kwenye keria. Ni jambo la sekunde chache, na ni wachache wanaojiuliza upepo huo uliingiaje ndani ya tairi.

Mtu aliyeutia humo, na kazi yake ikaenea dunia nzima, hakuwa fundi wa magari. Alikuwa daktari wa mifugo mwenye umri wa miaka 47. Alianza kazi hiyo uani kwake, kwa ajili ya mtoto wake aliyekuwa akirushwarushwa na barabara za mawe. Aliitwa John Boyd Dunlop. Wengi wetu tumelisoma jina la Dunlop ubavuni mwa tairi bila kujua kwamba ni la mtu.

Makala haya yanaeleza alivyoishi, alivyobuni, na kwa nini jina lake lilitajirika kuliko yeye mwenyewe. Yanaeleza pia gharama ya tairi lile kwa watu ambao hawakuwahi kuliona, katika misitu ya Kongo.

Mtoto wa mkulima

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, magharibi mwa Uskoti. Wazazi wake walikuwa wakulima, na ilitarajiwa kwamba naye angeshika jembe. Lakini alionekana mtoto wa afya dhaifu. Mwenyewe aliamini kwamba alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Kwa kuwa kazi ya shamba ilidhaniwa ingemshinda, aliachwa aendelee na masomo.

Alikwenda Edinburgh kusomea udaktari wa mifugo, akahitimu akiwa na miaka 19. Alifanya kazi Uskoti kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ireland. Huko, katika mji wa Downpatrick, alifungua huduma ya mifugo pamoja na ndugu yake James. Mwaka 1871 alimwoa Margaret Stevenson, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Baadaye alihamia Belfast, mji wa bandari, wa viwanda vya kitani na wa kuunda meli. Wakati huo mizigo yote ya mjini, kutoka gatini hadi viwandani, ilivutwa na farasi. Farasi akichechemea, mzigo unalala. Kwa hiyo daktari wa farasi alikuwa kama fundi wa malori wa leo: hakosi kazi, na anaitwa usiku na mchana. Kufikia katikati ya miaka ya 1880, huduma ya Dunlop ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa nchini Ireland.

Kazi hiyo ilimfanya aifahamu barabara vizuri. Alikuwa akisafiri kwa gari la farasi kwenda kwa wateja, na kila safari ilikuwa mtikisiko mtupu. Aliona pia jinsi mitaa ya mawe ilivyowachosha wanyama. Na kwa sababu ya kazi zake za tiba alikuwa amezoea kushika mpira, ule utomvu wa miti uliokaushwa. Alijua unavyovutika na unavyounganishwa.

Malalamiko ya mtoto

Mwanawe wa kiume, aliyeitwa Johnnie nyumbani, alikuwa na umri wa takriban miaka 10 na alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu yake yalivikwa mpira mgumu usio na uwazi ndani. Mitaa ya Belfast ilitandikwa mawe, na katikati yake zilipita reli za tramu. Mtoto alilalamika kwamba baiskeli inamtikisa na ni nzito kuendesha.

Shida hiyo haikuwa ngeni. Watengenezaji wa magari ya farasi walikuwa wakiifahamu siku nyingi, na dawa yao ilikuwa springi. Waliweka vyuma vya kunepa kati ya ekseli na bodi, ili mtu aliyekaa juu asiumie sana. Dawa hiyo ilisaidia, lakini springi huanza kazi baada ya gurudumu kukwisha kugonga jiwe. Gurudumu lenyewe linabaki linapigwa, na kila pigo linakula nguvu ya anayeendesha.

Dunlop aliangalia mahali pengine. Alijiuliza kama pigo linaweza kumezwa pale pale linapoanzia, yaani pale gurudumu linapogusana na barabara. Mpira mgumu ulikuwa umeshindwa. Akafikiria mto: kitu laini kinachobonyea kwenye jiwe kisha kikarudi katika umbo lake. Na kwa mto wa namna hiyo, hewa iliyobanwa ilifaa kuliko kitu kingine chochote.

Jaribio uani

Ilikuwa Oktoba 1887. Dunlop alichukua kipande cha ubao wa mviringo chenye upana wa karibu sentimita 96. Alitengeneza bomba kwa karatasi nyembamba ya mpira, akalizungusha ukingoni mwa ubao, na kulifunika kwa kitambaa cha kitani alichokigongomelea misumari kwenye mbao. Kisha akalijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu.

Sasa alikuwa na magurudumu mawili ya kulinganisha: lile la ubao lenye upepo, na gurudumu la chuma lililotolewa kwenye baiskeli ya mtoto. Aliyaviringisha yote mawili uani. La chuma lilikwenda kidogo, likayumba, likaanguka. Lenye upepo lilivuka ua wote, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Jaribio hilo halikuhitaji mizani wala hesabu. Yeyote aliyekuwa uani pale angeona tofauti. Gurudumu ambalo halirushwi na kila kokoto halipotezi mwendo wake kwa kurukaruka, na nguvu iliyotumika kulisukuma inabaki kulipeleka mbele. Dunlop alianza akitafuta raha ya mtoto. Alipata raha, na juu yake akapata mwendo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuvika upepo magurudumu mawili ya nyuma ya baiskeli ya Johnnie, yale yanayobeba uzito wa mwendeshaji. Mwanzoni mwa 1888 mtoto aliijaribu mitaani na baiskeli ikaenda vizuri. Dunlop akatengeneza matairi makubwa zaidi kwa ajili ya baiskeli ya mtu mzima, nayo yakaonyesha matokeo mazuri zaidi. Mwezi Julai 1888 aliomba hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kutengeneza na kuuza alichobuni kwa muda fulani bila kuigwa. Tarehe 7 Desemba mwaka huo akapewa.

Waliocheka na walioshindwa

Watu walipoyaona matairi yale kwa mara ya kwanza walicheka. Baiskeli za mashindano zilikuwa na matairi membamba magumu, na haya ya Dunlop yalikuwa manene kama soseji. Ilionekana ni kitu cha mzaha.

Kijana mmoja wa Belfast hakuwa na haraka ya kucheka. Willie Hume, nahodha wa klabu ya waendesha baiskeli mjini humo, alinunua baiskeli yenye matairi ya upepo. Tarehe 18 Mei 1889 aliingia nayo kwenye mashindano ya Queen's College mjini Belfast. Hakuwa akihesabiwa kuwa bingwa wa kutisha, lakini alishinda mbio zote nne alizoingia. Muda mfupi baadaye alivuka kwenda Liverpool, Uingereza, na huko nako akashinda karibu kila mbio.

Miongoni mwa walioachwa nyuma Belfast walikuwemo wana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin aliyekuwa pia kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli cha Ireland. Du Cros aliondoka pale na swali moja: ni kitu gani kilichowashinda wanawe? Jibu lilimfikisha kwa Dunlop. Kabla mwaka 1889 haujaisha, kampuni ya kutengeneza matairi ya upepo ilikuwa imeundwa Dublin, Du Cros akiwa mwenyekiti na Dunlop akiwa mmoja wa wakurugenzi. Dunlop alikabidhi hataza yake kwa kampuni, naye akapata hisa na kiasi fulani cha fedha.

Hataza iliyobatilishwa

Kampuni haijakaa sawa, habari mbaya zikafika. Takriban miaka miwili baada ya kupewa hataza, Dunlop alijulishwa kwamba hati yake haina nguvu. Wazo la gurudumu la upepo lilikuwa limekwisha kuandikishwa na mtu mwingine, tena Mskoti mwenzake.

Mtu huyo alikuwa Robert William Thomson, mzaliwa wa Stonehaven. Aliandikisha wazo lake Uingereza mwaka 1845, kisha Ufaransa na Marekani katika miaka miwili iliyofuata. Thomson alitengeneza mikanda ya mpira iliyojazwa hewa na kufunikwa ngozi, akaifunga kwenye magari ya farasi, na kuijaribu katika bustani ya Regent's Park, London. Ilifanya kazi. Seti moja ilikwenda zaidi ya kilomita 1,900.

Basi kwa nini dunia ilimsahau? Kwa sababu alitangulia mno. Mpira ulikuwa ghali, na baiskeli kama tunayoifahamu leo ilikuwa bado. Wenye magari ya farasi hawakuona haja ya kulipa fedha nyingi kwa kitu walichoweza kuishi bila ya kuwa nacho. Thomson aligeukia kazi nyingine, akafariki mwaka 1873.

Dunlop hakujua habari za Thomson. Kilichombeba yeye ni wakati. Mwaka 1885 huko Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alikuwa ametoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli hiyo ilikuwa salama kuliko zile ndefu za zamani, lakini kwa kuwa magurudumu yake yalikuwa madogo, ilitikisa zaidi. Ilihitaji hasa kile alichokuwa nacho Dunlop.

Pancha na gundi

Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa na kasoro ambayo kila mwenye baiskeli kijijini ataielewa. Lilikuwa limegandishwa kwenye ringi kwa gundi na kufungwa kwa turubai. Likipata pancha, fundi alilazimika kubandua kila kitu, kuziba, kupaka gundi upya na kusubiri ikauke. Mwendeshaji aliyepata pancha njiani alirudi nyumbani kwa miguu.

Shida hiyo ilitatuliwa na watu wengine. Mwaka 1890 Charles Kingston Welch, Mwingereza, alibuni tairi lenye waya kwenye kingo zake, linalokaa lenyewe ndani ya ringi bila gundi. Mwaka huo huo William Bartlett alibuni njia nyingine ya kulishikisha tairi kwenye kingo za ringi. Charles Woods akatoa valvu bora ya kuingizia upepo. Huko Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Michelin walitengenezeshwa tairi la Dunlop lililopasuka, wakaona taabu yake, na mwaka 1891 wakaja na tairi la baiskeli linaloweza kutolewa na kurudishwa kwa muda mfupi. Mwaka 1895 ndugu hao wakaingiza gari lenye matairi ya upepo kwenye mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi.

Leo fundi wa pancha chini ya mwembe anapochomoa tairi kwa vijiti viwili, kutoa tyubu, kuisugua, kuiziba na kuirudisha kabla chai haijapoa, anatumia akili za watu hao wote kwa pamoja. Kampuni ya Du Cros ililijua hilo mapema. Hataza ya Dunlop ilipokufa, ilinunua za Welch na Bartlett, na kwa hizo ikaendelea kutawala soko.

Dunlop mwenyewe hakuwa mtu wa vita vya kibiashara. Alitofautiana na wenzake na mwaka 1895 akajiondoa. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa pauni milioni 3 kwa Ernest Terah Hooley, mtu wa mitaji, ambaye aliiuza tena kwa umma kwa pauni milioni 5. Sehemu kubwa ya utajiri huo haikupita mikononi mwa Dunlop. Jina lake ndilo lililobaki kwenye kila tairi.

Mpira wa damu wa Kongo

Kufikia hapa, hadithi inafanana na nyingi za wavumbuzi. Lakini matairi hayatengenezwi kwa upepo peke yake. Baiskeli zilipoongezeka kwa mamia ya maelfu Ulaya na Marekani, viwanda vilihitaji mpira kwa wingi kuliko wakati wowote, na bei yake ikapanda.

Mwaka ule ule wa 1887 Dunlop alipokuwa uani kwake, Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar, alikubali kuwa gavana wa eneo la Stanley Falls, ambalo leo ni Kisangani. Aliyemwajiri ni Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa ameifanya Kongo nzima kuwa mali yake binafsi tangu 1885. Wakati huo biashara kubwa ya Kongo ilikuwa pembe za ndovu, na dola ya Leopold ilikuwa imezama kwenye madeni. Mpira ndio uliomwokoa.

Misitu ya Kongo ilijaa mimea itambaayo inayotoa utomvu wa mpira, ya jamii moja na mbungo, ule unaotupa mabungo huku pwani. Maofisa wa Leopold na kampuni alizozipa maeneo walivipangia vijiji kiasi cha mpira cha kuleta. Wanaume walikaa msituni siku nyingi wakikata mimea hiyo na kukusanya utomvu. Wengine waliupaka mwilini ili ukauke, kisha wakaubandua pamoja na malaika zao.

Kiasi kisipotimia, wake zao walishikwa mateka. Watu walichapwa mjeledi wa ngozi ya kiboko. Vijiji vilichomwa moto. Askari walitakiwa kuthibitisha kwamba risasi zao hazikupotea bure, na uthibitisho wenyewe ulikuwa mkono wa kulia uliokatwa. Wengine walikatwa mikono wakiwa hai. Wanahistoria wanabishana kuhusu idadi ya waliokufa kwa mauaji, njaa na maradhi katika miaka ile, lakini wengi wao wanataja mamilioni.

Mwaka 1904 mwanamke Mwingereza, Alice Seeley Harris, aliyekuwa Kongo pamoja na mumewe mmishenari, alipiga picha ya mwanamume aitwaye Nsala. Amekaa barazani, ameinamisha uso, akitazama mkono mdogo na mguu mdogo vilivyolazwa mbele yake. Vilikuwa vya binti yake wa miaka mitano, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilisafiri Ulaya na Marekani na kuwaonyesha watu mpira wao ulikotoka. Mwaka huo huo ilichapishwa ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza mwenye asili ya Ireland, aliyekuwa amepita vijijini kuandika alichokiona. Kelele zilizidi, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Taabu za Wakongo hazikuisha siku hiyo, ila utawala wa mfalme yule ulikoma.

Dunlop hakutoa amri yoyote katika misitu ile. Wakati mateso yanafikia kilele, hakuwa tena hata ndani ya kampuni yenye jina lake. Lakini historia ya tairi haikamiliki bila Nsala. Baba mmoja alitafuta njia ya mwanawe asirushwe na mawe ya barabarani. Mbali na hapo, baba mwingine alilipa kwa mtoto.

Baadaye mpira wa mashambani kutoka Asia, uliotokana na mbegu za Brazil, uliushinda ule wa msituni. Hata huku kwetu Wajerumani walikuwa wamepanda mashamba ya mpira ukanda wa Tanga, na bei ilipoporomoka mwaka 1913 mengi yakaachwa.

Tairi, springi na shokapu

Msikilizaji mwenye gari anaweza kuuliza: kama Dunlop aliimaliza shida ya mtikisiko, kwa nini bado tunabadilisha shokapu?

Jibu ni kwamba kazi imegawanywa mara tatu. Tairi humeza mapigo madogo, kama kokoto na nyufa. Springi hubeba mashimo makubwa. Lakini springi ikishabonyezwa hupenda kuendelea kunesa juu na chini. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna oili inayosukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ule msukumo wa kunesa hugeuka kuwa joto.

Mmoja wa hao watatu akichoka, wenzake hubeba mzigo wake. Shokapu za nyuma zikifa, tairi hurukaruka barabarani badala ya kuikamata. Breki hupungua nguvu, na tairi huanza kulika kwa mabaka. Bonyeza kona ya nyuma ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kunesa, au ukiona oili imevuja kwenye mwili wa shokapu, wakati wa kuibadilisha umefika.

Wengi huifanya kazi hiyo nyumbani, na inawezekana. Badilisha za nyuma zote mbili kwa pamoja, maana mpya na ya zamani hazivuti sawa. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Liegemeze kwenye stendi imara, na ekseli nayo iegemezwe kabla ya kufungua bolti, kwa sababu kwenye magari mengi shokapu ndiyo inayoizuia isishuke. Kama springi imeshikana na shokapu kuwa kitu kimoja, mwachie fundi mwenye kifaa cha kuibana. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaua.

Na baada ya yote hayo, pima upepo. Shokapu mpya haimsaidii mtu mwenye tairi laini, wala tairi lililojazwa hadi likawa gumu kama jiwe. Hilo la pili ndilo lile lile lililomtesa Johnnie.

Miaka ya mwisho

Dunlop alihamia Dublin mapema katika miaka ya 1890 na akaishi huko hadi mwisho. Alikuwa na hisa katika biashara ya nguo mjini humo, na aliishi maisha ya kutosheka bila anasa. Aliyaona matairi ya upepo yakihama kutoka baiskeli kwenda pikipiki, magari, malori na ndege. Alifariki tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na miaka 81, na kuzikwa katika makaburi ya Deans Grange. Kumbukumbu zake kuhusu historia ya tairi zilichapishwa baada ya kifo chake.

Kampuni yenye jina lake iliendelea kukua, ikawa na viwanda na mashamba ya mpira katika nchi nyingi, kisha ikauzwa na kugawanywa. Jina lenyewe limepita mikononi mwa wamiliki mbalimbali. Tairi lake la kwanza la baiskeli limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Uskoti, na sura yake yenye ndevu ndefu imewahi kuwekwa kwenye noti ya pauni 10 huko Ireland Kaskazini. Thomson, aliyemtangulia, ana bamba la ukumbusho mjini kwao Stonehaven. Nsala na binti yake wana picha ile moja.